Vikombe Viwili Barabarani Kampala

Tangu Brigitte alipopiga simu ya kwanza kutoka Kampala, Anastasie Mukandori hakuwa na raha. Brigitte alikuwa rafiki wa familia. Wazazi wake walilima kilima kilichopakana na cha kina Anastasie huko Burungu kabla ya kuhamia Walikale kuuza mafuta ya mawese, na baadaye yeye mwenyewe alivuka mpaka, akafungua duka la vitenge nchini Uganda. Sasa alikuwa amemwandikisha Gaëlle katika mbio za marathoni, akaahidi nauli, kitanda na viatu. Gaëlle alikuwa mjukuu wa Anastasie, aliyelelewa naye tangu alipoachishwa ziwa, na kila asubuhi alikimbia hadi Kitchanga na kurudi kabla ya kuingia katika shamba la maharage.

"Viatu anavyo," Anastasie alisema kwenye simu.

"Mama Anastasie, bile haiko viatu!" Brigitte akacheka. "Nilibiona kwenye foto. Vidole iko inje, inasalimia bantu."

Gaëlle, aliyekuwa akisikiliza kando, alicheka pia. Kicheko hicho kilimchoma bibi yake kuliko utani wenyewe.

Hakuna aliyemwalika Anastasie. Hata hivyo, siku ya safari alipanda gari pamoja na mjukuu wake, kapu la unga wa mtama likiwa mapajani. Walipita Sake, wakapita kambi ya wanajeshi ya Mubambiro, wakapita Goma na mpaka, na njia nzima Gaëlle alizungumza juu ya Mama Brigitte: nyumba yake ina ghorofa, Mama Brigitte anajua kuendesha gari, Mama Brigitte amesema hili, Mama Brigitte amesema lile.

"Mama Brigitte alikuwa akiogopa kuku," Anastasie alisema. "Uliza mtu yeyote Burungu."

Huko Kampala mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa maana yote yalikuwa mazuri. Viatu vilimkaa Gaëlle barabara. Brigitte alimketisha sebuleni akamsuka nywele, nywele zile zile ambazo Anastasie alizisuka kila Jumamosi kwa ajili ya misa, na msichana, ambaye nyumbani hulalamika kila kitana kinapopita, alitulia kimya kama aliyelala. Anastasie alizikagua zile nywele akitafuta mstari uliopinda. Hakuupata.

Mezani Brigitte alitoa neno lake.

"Niliongea na Papa Sylvain, entreneri, mwalimu wa mbio wa klabu moja ya hapa. Alisema, kama Gaëlle iko kati ya banamuke kumi ba kwanza, atamupokea. Atakimbia, atasoma. Chumba iko. Atakaa kwangu."

Gaëlle aliitazama sahani yake. "Koko," alimwambia bibi yake taratibu, "unasemaje?"

"Nasema ule wali wako."

Siku ya mbio, wakimbiaji wasiokuwa na timu waliruhusiwa kupewa kinywaji na jamaa zao mahali pamoja, kwenye mteremko uliokuwa karibu na mwisho. Brigitte alisimama upande wa kulia, akiwa na kikombe cha plastiki chenye maji ya glukosi. Anastasie alivuka, akasimama upande wa kushoto na uji mwepesi wa mtama katika kikombe cha bati.

"Kuja huku tusimame pamoja!" Brigitte aliita.

"Nimekwisha kusimama."

"Huo uji, atakimbia nao namna gani? Ataweka ku kichwa?"

"Atakunywa kama alivyokunywa miaka yote, hata kabla hujazikumbuka namba zetu za simu."

Watu waliokuwa kando walicheka. Brigitte naye alicheka, kwa sababu alikuwa na kila sababu ya kucheka.

Gaëlle alitokea kwenye kona akiwa mwanamke wa nane, uso umejaa chumvi ya jasho, mwendo wake bado ni mzuri. Aliwaona wote wawili. Kwa kuwa alikuwa upande wa kulia, alifika kwanza kwa Brigitte, na Anastasie akafumba macho asione.

Alipoyafumbua, Gaëlle alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama kabisa, akingoja Brigitte aonje kwanza, kama mkubwa anavyoonja kabla ya kumpa mdogo. Ndivyo alivyofunzwa Burungu: kikombe cha mkubwa hupokewa kwa mikono miwili, hunywewa pale pale, hurudishwa kwa shukrani, na anayekunywa huku anatembea ni sawa na mnyama.

"Kimbia nacho!" Brigitte alipiga kelele. "Kimbia, mutoto! Usisimame!"

Gaëlle alipokea kwa mikono miwili, akanywa hadi mwisho, akarudisha kikombe, akashukuru. Wanawake wawili walikuwa wamempita. Wa tatu alikuwa anashuka kutoka kwenye kona.

Ndipo alipougeuza uso wake upande wa kushoto, akaanza kuvuka barabara.

Anastasie alielewa mara moja. Hakuhitaji kugomba na mtu wala kukataa lolote. Alihitaji tu kuendelea kukishika kikombe, kama bibi yeyote ampaye mjukuu wake uji. Msichana angesimama, angengoja, angekunywa, na baada ya wiki moja wangekuwa wote wawili Burungu wakipalilia maharage. Mikono yake ilikinyoosha kikombe mbele. Uji ulinukia kama nyumbani kwake.

Akakipindua. Uji ulimwagika juu ya lami, ukamrukia miguuni.

"Hakuna kitu hapa," alisema. "Nenda."

"Koko, hata kidogo tu, nionje..."

"Nenda, nimesema! Unamngoja nani?"

Gaëlle aligeuka akakimbia. Yule wa tatu alikuwa nyuma yake hatua chache.

Brigitte alivuka akihema. "Ulimwanga uji kwa nini? Mutoto alisikia vibaya mu roho."

"Wewe umemsimamisha wakampita."

"Mimi? Njo yeye alisimama! Nani alimufundisha kunywa hivi, kama iko mu misa?"

"Mimi," alijibu Anastasie. "Ile mikono miwili iliyopokea kikombe chako ni kazi yangu. Usije ukasema ni yako."

Gaëlle alimaliza akiwa wa kumi.

Asubuhi ya kuondoka, Anastasie alisimama mlangoni na kapu lake tupu. "Jumapili aende misa ya kwanza, siyo ya pili," alimwambia Brigitte. "Akikohoa, asipewe vidonge ovyo. Na asikuite mama."

"Sasa aniite nani?"

"Mama Brigitte. Jina lote, kila mara."

Brigitte alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ya Gaëlle: "Mama, funguo ziko wapi?"

Anastasie alisubiri. Brigitte naye alisubiri, midomo ameibana, hakuitika, mpaka msichana alipoita mara ya pili, kwa jina lote.