Mikono ya Raya

Kwa miaka miwili Raya wa Fukayosi alitibiwa kila homa iliyo na jina. Malaria, taifodi, kifua kikuu: dawa alizimeza zote, na homa ikarudi kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Moyoni alikuwa na valvu ya bandia, hivyo madaktari waliingiwa na wasiwasi, na kila mmoja alimwuliza, "Mama, unafuga?"

"Sifugi," alijibu, na kweli hakuwa na hata kuku. Wakaandika hafugi, basi.

Daktari Twalib, kijana wa Bagamoyo mjini, hakuwa na haraka hiyo. Alimwamkia shikamoo, kisha akamwuliza jana alishinda wapi.

"Kwa jirani, namzalisha mbuzi wake. Mtoto alikwama."

"Wewe mwenyewe?"

"Nani tena? Mikono yangu myembamba. Kijiji kizima huniita mimi."

Twalib akaweka kalamu chini. Siku hiyohiyo alituma damu Dar es Salaam.

Wiki tatu baadaye Raya aliitwa kupokea majibu: homa ya Q, sugu, imeshika valvu. Vidonge kila siku kwa miaka miwili, na huenda akapasuliwa tena. Vijidudu vya homa hiyo hujaa kwenye kondo la mbuzi na maji ya uzazi, na mtu huvivuta kwa pua tu.

Raya alisikiliza. Hakuogopa wala hakushukuru. Woga ulikwisha mwaka jana, ikabaki ganzi.

"Nyumbani kuna mjamzito?"

"Binti yangu Mize. Miezi saba."

"Asikaribie mbuzi anayezaa, mama. Mimba inaweza kuharibika."

Asubuhi ile jirani alikuwa amekuja mbio kumwita, mbuzi mwingine anazaa, naye Raya alikuwa ndiyo anatoka kuja hospitali. Alimtuma Mize.

Raya akapiga simu palepale. Jirani alipokea, akamwekea Mize sikioni.

"Mama, nimewatoa wote wawili!" Mize alikuwa anahema kwa furaha. "Kondo tu limegoma, nalivuta."

"Liache. Toka hapo."

Alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilimtoka ya kawaida, kama anayeagiza chumvi dukani. Mize akacheka.

"Niliache vipi, nawe ndiye uliyenifundisha? Subiri kidogo."

Raya akasubiri, simu sikioni.

"Haya, limetoka," Mize akasema.