Kilima Changu na Kilima cha Onni

Kwa majira ya baridi arobaini na moja nimejenga kilima cha kuteleza uani kwangu hapa mjini Kuhmo. Si rundo la theluji tu. Naishindilia kwa koleo, napima mteremko, kisha naumwagia maji ndoo kwa ndoo, asubuhi saba mfululizo, mpaka barafu ing'ae kama kioo. Katika kiwanda cha mbao nilikuwa fundi wa kunoa misumeno, na hesabu za mteremko nilijifunza shule ya jioni nikiwa tayari na watoto wawili. Sibahatishi.

Mwaka huu hakuja mtoto hata mmoja kuteleza. Hata Pihla, mjukuu wangu wa miaka mitano, anayekula kwetu kila jioni mama yake akiwa kazini.

"Onni anasema theluji ya leo haishikani kwa sababu ni kavu," alituambia mezani. "Onni anasema tusubiri hewa ipate joto kidogo. Onni anasema..."

Kwa mlo mmoja nilihesabu jina hilo mara kumi na saba. Onni ni mwalimu wao wa chekechea, kijana mwenye hereni sikioni.

"Huyo Onni amewahi kujenga kilima?" nikauliza.

"Hajengi. Tunajenga sisi."

Mke wangu Kerttu akacheka mdomo ukiwa kwenye kikombe cha kahawa. "Mzee mzima, unamwonea wivu kijana wa watu!"

"Wivu wa nini? Nauliza tu."

Nilikuwa na wivu. Ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kesho yake ukanipeleka mpaka kwenye uzio wa chekechea. Kilima chao kilikuwa kimepinda, kina matuta, kimepakwa rangi ya bluu na nyekundu. Watoto walipanda kwa vidato vilivyochongwa ubavuni, wakihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Onni alikuwa amekaa kwenye theluji, hafanyi lolote.

"Mzee Heikura! Karibu," akaita.

"Kilima chenu kimepinda."

"Kimepinda kweli. Jana walibishana nusu saa kwa nini karai la kutelezea linakwenda kushoto." Alisema hivyo kwa furaha, kana kwamba nimemsifu.

Nilirudi nyumbani nikamwaga ndoo sita zaidi.

Jumamosi chekechea ilikuwa imefungwa, nikamchukua Pihla. Alikaa kwenye karai lake la plastiki, nikamsukuma. Akaruka kama risasi mpaka kwenye ua wa misonobari! Alicheka mpaka kofia ikamtoka kichwani. Moyoni nikasema: haya, Onni, umeona?

Kisha akajaribu kupanda. Akateleza. Akajaribu tena, akaanguka kifudifudi. Nikambeba juu. Mara ya pili nikambeba. Mara ya tatu mgongo ukalia, naye akajitoa mikononi mwangu.

"Sitaki kubebwa. Mimi si mtoto mchanga."

"Basi nitakuvuta kwa kamba."

"Hapana, Babu. Kilima chako ni cha kushuka tu." Akachukua karai lake. "Nitangoja Jumatatu."

Akaanza kuondoka kuelekea lango. Nilisimama na kazi yangu ya asubuhi saba, na akilini nikamwona tena Onni amekaa kwenye theluji hafanyi lolote.

"Pihla! Vile vidato vyenu, mlivichonga kwa kifaa gani?"

Akageuka. "Kwa koleo dogo. Lakini barafu yako ni ngumu mno."

"Mimi nina shoka."

Pigo la kwanza liliniuma kuliko shoka lilivyouma barafu. Ufa ulipita katikati ya kioo changu. Pihla alisimama pembeni, mikono kiunoni, kama msimamizi wa kiwanda.

"Babu, kidato hicho ni cha watu wakubwa. Mguu wangu haufiki. Weka kingine katikati."

Nikaweka kingine katikati. Alipima kila kimoja kwa kiatu chake, akakataa viwili, nikavirudia. Kisha akapanda peke yake, akihesabu, mpaka juu.

"Kumi na nne!" akapiga kelele.

"Na vya Onni?"

"Tisa."

"Hesabu tena," nikamwambia, "nisikie vizuri."

Alishuka na kupanda mpaka taa za barabarani zikawaka, saa tisa alasiri, maana kwetu majira ya baridi giza huingia mapema. Alipokuwa akivua glavu jikoni alisema Jumatatu atamwambia Onni aje aone.

"Aje," nikasema. "Ila asikae tu. Aje na koleo lake."