Sentensi Niliyoikata

Kazi yangu Benki Kuu ni kuandika taarifa ya gavana, na utaratibu wetu unachosha ajabu: unachukua taarifa ya mwezi uliopita, unabadilisha tarakimu, mengine huyagusi. Mimi, kwa kiherehere changu, niligusa. Sentensi ya mwisho, "Tunatarajia bei zitaendelea kuwa tulivu," ilikuwa imekaa pale miaka nenda miaka rudi, nikadhani hakuna anayeisoma. Nikaikata ili taarifa itoshe kwenye ukurasa mmoja.

Kumbe watu walikuwa wanasoma hiyo tu. Kabla ya chakula cha mchana redio zote zilikuwa zinauliza kwa nini Benki imenyamaza kuhusu bei. Mkuu wangu alikuwa anaingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Tukikanusha," alisema, "ndiyo wataamini kweli kuna jambo."

Dada yangu, mwoka mikate, akapiga simu. Alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kalamu mkononi: mkataba wa kulisha shule mikate mwaka mzima, kwa bei moja.

"Mdogo wangu, niambie ukweli. Unga unapanda?"

"Haupandi. Ni mimi nimekata sentensi, dada. Ukurasa haukutosha."

"Usinifiche. Nyumba yangu nimeiweka rehani kwa ajili ya hii kazi."

"Haki ya Mungu, hakuna kitu. Tia sahihi."

Nilisema kweli, na hata leo naweza kuapa. Unga ulikuwa tele maghalani.

Nilipotoka kazini nilikuta duka la jumla limefurika. Muuzaji alikuwa anabandika bei mpya juu ya ile ya adhuhuri.

"Unga si ule ule wa jana?" nilimfokea.

"Ule ule, mama. Lakini wa kesho nitaununua kwa bei gani? Waulize Benki."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilijua fika kwamba hakuna sababu, nilijua kuliko mtu yeyote mle ndani, na bado nikaingia kwenye msongamano. Nikajikuta nasukumana na wenzangu, nimekumbatia mfuko wa unga.

Simu ikalia.

"Nimeshatia sahihi," dada alisema kwa furaha. "Bei ya zamani, mwaka mzima. Ningefanya nini bila wewe? Mbona kelele hivyo, uko wapi?"

"Dada," nilisema, "njoo na pesa zote ulizonazo. Njoo sasa hivi."