Biblia ya Zamu

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, ndivyo tuambiwavyo. Lakini dada mmoja fundi cherehani na kaka yake seremala walipogombana, majirani walivuta viti wasikilize. Baba yao aliwaachia Biblia moja, wakae nayo kwa zamu, mwaka kwako mwaka kwangu, kila mmoja aandike pambizoni alivyoelewa. Dada aliandika kwa wino: "Hapa umepotea, mzee." Mwaka uliofuata kaka alijibu kwa penseli yake ya kazi: "Soma tena, bibie." Basi wanacheka mpaka machozi.

Kisha dada akafiwa na kichanga chake cha siku tatu, hakijabatizwa. Kaka alikitengenezea jeneza kwa mkono wake, akalipiga msasa hadi ndani, kusikoonekana. Ila kaburini, yeye mzee wa kanisa, alikataa kuomba.

"Ule mstari wa kuzaliwa kwa maji una maana moja tu, dada'angu. Nifanyeje?"

"Una mbili, kaka. Ya Mungu, na yako."

Tangu hapo dada hakumsemesha tena. Januari ilipofika, kaka alileta Biblia, imefungwa kwa kitambaa na kushonwa. Zamu ilikuwa ya dada. Akamrudishia palepale mlangoni bila kuifungua. Kaka aliichukua akaondoka; maneno mazito hakuwahi kuyaweza kwa mdomo, hata mke alimposa kwa barua. Kila Januari akaja nayo, imeshonwa upya, kila Januari akarudi nayo. Miaka kumi na mmoja! Jamani, moyo wa mtu ni kichaka.

Juzi wamemzika kaka. Leo asubuhi mjane wake ameleta lile furushi.

"Pokea, wifi. Alinikataza nisilifungue. Alisema zamu ni yako."

Dada alikata uzi kwa mkasi, akatafuta ule mstari, kalamu ya wino mkononi, tayari kwa vita. Pambizoni palikuwa na penseli, na tarehe ya wiki ileile ya mazishi ya kichanga:

"Nimesoma tena. Nilikosea kusema maana ni moja. Nimekwenda kaburini peke yangu, nimemwombea mtoto. Ukikubali, twende wote."

Chini yake, kwa kila Januari, neno moja: "Twende?" Alihesabu kumi na moja.

"Kaka yangu! Kaka yangu mimi!" Alilia mpaka wifi yake akamshika mabega.

Alipoweza kushika kalamu, aliandika: "Twende, kaka." Kisha akakaa na Biblia mapajani, asijue ampelekee nani.