Binti wa Pili wa Mfalme

Kasuku alikuwa na mtihani wa fasihi wiki iliyofuata, na ile tamthilia ya Mwingereza wa kale waliyopewa alikuwa hajavuka sehemu ya kwanza. Si kwamba ilikuwa ngumu. Kila alipofika pale mfalme mzee anapowaita binti zake watatu, awagawie nchi kwa kadiri ya maneno matamu watakayompa, alifunga kitabu, akarudi mwanzo.

"Soma kwa sauti," baba yake alimwambia. "Mimi nakata, wewe unasoma. Hatugombani."

Baba alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba wengine wote walioshika sindano walikuwa wanabahatisha. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: meza ya kukatia, cherehani mbili, pasi, na kioo chenye ufa ambacho wateja walilalamika kwamba kinawanenepesha. Baba alikata, Kasuku akashona. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi tangu Dada Mkubwa alipoondoka.

Na hapo ndipo penye shida. Macho ya Fundi yalikuwa yamekwisha. Mstari wa chaki aliuchora mwenyewe, kisha mkasi ukaenda zake. Dada alimwambia bila kupepesa: "Baba, huoni tena. Weka mkasi chini, mimi nitakata." Mzee akapandwa na mori. Akamgeukia Kasuku: "Na wewe, unaona nakosea?" Kasuku, mwenye maneno kwa kila jambo, akatabasamu. "Mkono kama wako, baba, haujazaliwa." Baba akamtimua Dada, naye akafungasha siku ile ile. Alisimama kidogo kibarazani na begi lake, akimtazama mdogo wake, akingoja huenda angesema neno. Kasuku alijifanya anatunga uzi kwenye sindano.

Tangu hapo hakuwa na raha. Kitambaa kikikatwa vibaya alikificha kwenye gunia chini ya meza, akakimbia dukani kutafuta kinachofanana nacho, akakata upya mzee akiwa amejilaza mchana. Wateja walisifu, na mzee akazidi kuvimba kichwa. Gunia nalo lilizidi kuvimba.

"Soma basi," Fundi alisema. Mezani alikuwa ametandaza koti la sufu. Mjane wa jirani alilileta asubuhi. Lilikuwa la marehemu mumewe, naye alitaka lipunguzwe limkae mwanawe siku ya kula kiapo cha uwakili. "Usiniharibie, Fundi," alisema. "Harufu yake bado imo kwenye kola."

Kasuku akasoma. Binti wa kwanza akamwaga asali. Wa pili akamwaga zaidi. Wa tatu, aliyempenda baba yake kuliko wote, akakataa kupamba maneno, akafukuzwa mikono mitupu.

Fundi alicheka hadi akakohoa. "Mfalme mzima, kichwa maji! Mtoto anayekupenda utashindwaje kumjua? Mimi ningewatimua hao wawili wa mwanzo." Akachukua chaki, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa sufu. "Wewe ungekuwa yupi?"

Kasuku alitazama ule mstari. Ulikuwa umeuacha mshono mbali, unaelekea katikati ya mgongo. Koti hili halikuwa na mwenzake dukani. Mkasi ukafunguka.

"Wa pili," alisema.

"Eti nini?"

"Mimi ni yule wa pili, baba. Usikate. Nakuomba, usikate." Aliweka kiganja juu ya sufu, mbele ya ncha za mkasi.

Baba alibaki ameushika mkasi vile vile. Kasuku akalivuta gunia kutoka chini ya meza, maana maneno matupu alikuwa ameshayatumia vya kutosha, akamwaga vyote mezani. Fundi hakuviona vizuri, lakini vidole vyake havikuhitaji macho. Alipapasa mkono wa shati la mwalimu, kiuno cha suruali, kola iliyokwenda upogo. Alivipitia kimoja kimoja, hakuruka hata kimoja.

"Hivi nilikata mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo dadako alisema kweli."

"Ndiyo."

"Nikamfukuza, na wewe umekaa hapo."

Kasuku alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba kutoka pale baba hamwoni. "Ndiyo," akasema, na aibu ikamchoma upya.

Alitegemea matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini Fundi alifunga mkasi, akaulaza juu ya koti, akanyoosha mkono. "Simu. Nitafutie dadako."

Kasuku akapiga, akamwekea sikioni. Kabla mzee hajafungua kinywa, sauti ya Dada ikasikika mpaka upande wa pili wa meza, imejaa wasiwasi: "Kasuku? Baba mzima?"

Fundi alifumba macho.

"Toka nje," alimwambia Kasuku taratibu, bila hasira. "Nataka kuzungumza na mwanangu."

Alitoka na kitabu chake mkononi, akasimama kibarazani, pale pale Dada aliposimama na begi, na nyuma yake baba akarudishia mlango.