Karipio la Kocha Hutch

Kocha Hutch hakujua kutoa habari njema kama watu wengine. Mchezaji wa timu yetu ya besiboli akipandishwa daraja, kwanza alimwita mbele yetu sote, akamkaripia mpaka jasho limtoke, ndipo akamwambia afungashe mabegi. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kukaza nyuso na kutafuna mbegu za alizeti. Mimi, mdakaji mkongwe ambaye hakuna aliyewahi kunikaripia hivyo, niliupenda mzaha huo kupindukia.

Agosti ile ilikuwa zamu ya Radhames Peguero, mrushaji wetu wa miaka ishirini kutoka San Pedro de Macorís. Mpira wake ulikuwa na moto. Nikiudaka, kiganja kinawaka mpaka asubuhi. Wazee wa hapa Iowa waliacha mahindi yao shambani waje kumtazama. Ligi kuu ilikuwa ngazi moja tu juu yetu, na dogo hakuota kitu kingine.

"Peguero!" Hutch akafoka, chumba cha kubadilishia nguo kikatikisika. "Nimeshajua yote! Unaniona mjinga? Sema mwenyewe kabla sijasema mimi!"

Dogo akanywea. Nikauma mdomo nisicheke.

"Nisamehe, kocha. Lile povu la kunyolea kwenye kofia yako, ni mimi."

"Hilo nililijua! Endelea!"

"Na siagi yako ya karanga. Kopo zima, nililila kwenye basi."

"Mwizi mkubwa we! Endelea!"

Laiti ningejua, ningemkanyaga Hutch mguu anyamaze. Radhames akashika kiwiko chake cha kulia.

"Na mkono, kocha. Unaniuma tangu Julai, vidole vinakufa ganzi. Nilificha kwa sababu ungejua, usingenipandisha."

Hakuna aliyetafuna tena. Hutch akakaa juu ya ndoo ya mipira, akavua kofia.

"Mwanangu, nilikuita nikwambie unakwenda ligi kuu. Kesho."

Radhames akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Naweza kuyarudisha maneno yangu?"

"Hapana, mwanangu."

Roho iliniuma, tena nilimkasirikia Hutch, ingawa sijui kwa kosa gani. Daktari alikuta kano ya kiwiko imeanza kuchanika. Mechi moja zaidi, alisema, ingekatika kabisa. Dogo akapasuliwa. Hutch naye akaapa hatamkaripia mtu tena. Tangu hapo aliyepanda daraja aliambiwa kwa sauti ya karani wa benki, akaondoka kama anakwenda msibani. Nilimwambia wazi kwamba ametuharibia starehe.

Msimu mzima ukapita bila Radhames. Uliofuata, mpira wake ukarudi kuniunguza kiganja, na siku moja ya Juni Hutch akamjia taratibu, kofia mkononi.

"Radhames, umepanda. Ligi kuu. Kafungashe."

Dogo hakuinuka. Akakunja mikono kifuani.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nini tena?"

"Nikaripie, kocha. Wenzangu walionitangulia uliwakaripia. Mimi sitoki hapa bila karipio langu."

Hutch akakohoa. Machozi yalikuwa yanamlenga, na hakuna aliyekaza uso safari hii.

"We... we mshenzi," akaanza. "Siagi yangu ya karanga iko wapi?"

Radhames akaingiza mkono kwenye begi, akamtolea kopo jipya, halijafunguliwa. Kumbe alikuwa akitembea nalo tangu msimu uanze.