Keki ya Lozi na Vikombe Sita

Solveig Näslund alioka keki ndogo ya lozi, pana kama kisahani, akainyunyizia sukari ya unga mpaka ikawa kama paa lenye theluji. Keki hiyo ndiyo ingefungua somo la sehemu. Angeikata mbele ya darasa la nne, nusu, robo, thumni, huku Bertil, mkuu wa shule, amekaa nyuma na fomu yake. Mwaka wa majaribio ulikuwa unaisha. Somo likinoga, kazi ni yake. Likidoda, arudi Kramfors akauze viatu dukani kwa mama yake.

Kosa lake lilikuwa moja tu: aliiacha kwenye meza ya kahawa, chumba cha walimu, akaenda kutoa nakala za zoezi. Mashine ikang'ang'ania karatasi dakika ishirini.

Aliporudi, sahanini palikuwa na kipande kisichotosha kumshibisha hata sisimizi. Pembeni, vikombe sita vichafu.

Hakuhitaji mpelelezi. Mwalimu wa shule ile alikuwa radhi kukutwa uchi barazani kuliko kukutwa anamaliza kilichobaki sahanini. Kila aliyepita alikata nusu ya alichokikuta, akajipongeza kwa adabu yake, akaenda zake.

"Gullan, na wewe umo?"

"Nimeonja tu, mwenzangu," akasema Gullan, mwalimu wa muziki, akilamba kidole. "Nusu si nimeacha?"

Kengele ikalia. Solveig akaibeba sahani hivyo hivyo mpaka darasani.

"Leo nimewaletea keki," akawaambia watoto.

"Iko wapi?"

"Hii hapa."

"Solveig, hiyo ni takataka!" akacheka Tuva, msichana mwenye mdomo kuliko darasa zima.

"Ilikuwa nzima. Wamepita watu sita, kila mmoja kakata nusu ya alichokikuta. Nimebakiwa na sehemu gani?"

Darasa likalipuka. Nusu! Robo! Thumni! Hata Ove, ambaye hesabu kwake zilikuwa mto wa kulalia, alirukia ubao akagawa duara mpaka kalamu ikakauka. "Moja ya sitini na nne!"

"Uonevu huo!" Tuva akapiga meza. "Wa sita kaambulia chembe kama hiyo yako, wa kwanza kala nusu nzima! Nani huyo mlafi?"

"Sijui," akasema Solveig, na kweli hakujua.

Tuva akageuka nyuma. "Bertil, mbona ndevu zako zimeangukiwa na theluji?"

Vichwa ishirini na viwili vikageuka. Solveig akaona viatu vya Kramfors vinamjia, jozi kwa jozi.

Bertil akajipangusa, akatazama kidole chake cheupe. "Ni mimi," akakiri. "Lakini jamani, niliacha nusu!"

Watoto wakamzomea mpaka akacheka mwenyewe.

"Miaka thelathini nakaa nyuma ya madarasa," akasema, akiandika, "leo ndiyo nimekuwa swali, na Ove kalijibu. Kazi ni yako, Solveig. Nzima. Nusu sina uso wa kukupa."

Solveig akapumua. "Haya, kipande hiki ale nani?"

Wote wakatazama dari. Mwishowe Tuva akachukua rula, akakikata katikati, akala upande wake, akampisha Ove. Ove naye akaomba rula.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, foleni ilikuwa bado ndefu, na keki haijaisha.